Matope ya Kitale kwenye Jiko la Bungoma

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, halafu jembe likanichukua. Kwa hivyo ukitaka mtu akuonyeshe kwa ramani mto Nzoia unaanzia wapi na unaishia wapi, usinijie mimi. Muulize mjukuu wangu. Mimi huo mto nimeujua kwa miguu na kwa mgongo. Nimechota ndani yake, nimefua ndani yake, nimelima kando yake mpaka magoti yakakataa. Shamba langu liko upande wa Kitale, linateremka polepole hadi majini, na miaka hiyo mahindi yangu ya mwisho yalisimama karibu na mto kiasi kwamba ukitikisa bua, umande unadondokea majini. Nilikuwa najivunia sana. Mgeni akija namwambia, "Wengine wana ua, wengine wana mtaro. Mimi mpaka wangu ni mto."

Binti yangu aliolewa chini, Bungoma, mahali miwa na mahindi yanagombania shamba. Maji yaleyale yakishanipita mimi yanazunguka huko na huko, yanaanguka kwenye mawe pale Webuye kwa kelele, halafu yanapita karibu na kwake. Tulikuwa tunataniana kwa simu. "Mama, leo ulifua nini? Povu limefika."

"Nilifua shuka. Kama umeona sabuni imeanguka, nirudishie."

Mtoto wake wa kwanza, msichana, alimaliza sekondari na akapita vizuri. Sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Nasema kwa sababu alipita. Akataka kwenda chuo pale Kibabii asome jiografia, ajue mambo ya mito na udongo. Baba yake akataka aende unesi. Baba yake si mtu mbaya, elewa hilo vizuri. Ni mkulima, ana mikono mikubwa na maneno machache, na hayo machache ni magumu kama mafiga. "Watu wanaugua kila siku," alisema. "Nani ameshaona mto ukipelekwa hospitali?"

Sasa kuna jambo lazima uelewe, la sivyo hutaelewa lingine lolote. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hatupeani mkono. Hatuli pamoja. Tukikutana njiani, mmoja anachepuka kama ameona kitu cha maana sana kwenye kichaka. Silali kwake, nikienda Bungoma nalala kwa mama mmoja jirani yao, na mchana nakaa kwenye jiko la binti yangu, ambalo limejengwa pembeni, mbali na nyumba kubwa. Hiyo si chuki. Hiyo ni adabu. Lakini adabu ina shida yake: singeweza kumwendea huyo mwanamume nikamwambia usoni, "Mwache mtoto asome mto wake."

Kwa hivyo tunaongea kupitia mtu wa tatu. Na mtu wa tatu akikosekana, tunatumia ng'ombe.

Desemba moja nilikuwa mlangoni mwa jiko napukuchua mahindi. Yeye alikuwa nyuma ya ua anapiga misumari. Ng'ombe alikuwa amefungwa katikati yetu, anatafuna.

"Wewe ng'ombe," nikasema kwa sauti, "mtoto akipenda kitu kizuri, anakataziwa nini?"

Nyundo ikagonga. Ikanyamaza. "Ng'ombe, mwambie mgeni hata mimi nilipenda kucheza mpira."

"Ng'ombe, mwambie mwenye boma huyo mtoto hachezi. Anajua mto kuliko samaki."

"Basi ng'ombe, uliza hao samaki kama watampa kazi."

Binti yangu akacheka huko ndani mpaka akamwaga unga. Mimi sikucheka. Nilimwangalia ng'ombe kwa hasira kana kwamba yeye ndiye amesema.

Ila mkwe wangu aliacha mlango mmoja bila kufunga. Msichana alikuwa amejiunga na vijana wakulima wanaofundishwa pale Mabanga, kwenye chuo cha kilimo, na kikundi kilikuwa kimemchagua asimame mbele ya wakulima siku yao ya maonyesho, azungumze juu ya Nzoia. Baba yake akamwambia mkewe, "Nitakuja. Nitakaa nyuma, nisikie. Akinionyesha kazi ya kusoma mto, aende Kibabii. Akiniletea hadithi, ni unesi, na sitaki kilio."

Mvua za kupanda zilipoanza, mjukuu wangu akanipigia simu. "Kukhu," akasema, ndivyo wanavyotuita sisi nyanya, "nataka uniletee maji ya mto kutoka kwako. Chupa moja tu. Nitakuwa na ya hapa kwetu, na mwenzangu ataniletea ya kule Bunyala, karibu na ziwa. Nataka watu waone mto mmoja ukiwa mahali patatu."

"Maji tu?"

"Maji tu, kukhu. Vile yalivyo."

Hayo maneno ya mwisho niliyasikia. Lakini kuyasikia ni kitu kimoja, kuyafuata ni kingine, na mimi kichwa changu kilikuwa tayari kimeenda dukani. Maji ya Kitale yatasimama mbele ya Bungoma nzima, nikafikiri. Yataendaje kwa chupa ya soda?

Nikaenda mjini, kwenye duka la vyombo la mama mmoja Mhindi ambaye tumezeeka naye, yeye upande wa ndani wa kaunta, mimi upande wa nje. Nikachagua chupa ya kioo, pana, yenye kifuniko chekundu. Akaifuta vumbi kwa kanga. "Mama, unaweka achari?"

"Naweka mto."

"Mto gani?"

"Kwani kuna mwingine? Nzoia."

Akanitazama. "Basi usijaze sana. Itamwagika."

Asubuhi niliposhuka mtoni na ndoo, maji yalikuwa mekundu. Hayo ndiyo maji ya msimu huo. Kila mtu amelima, mashamba yako uchi, mvua ikipiga tu udongo unateremka mbio kama watoto wametoka shule. Jirani yangu, mama ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakanunua shamba hapa tukiwa wasichana, alikuwa kwenye ukingo wake anapanda.

"Unapeleka hayo Bungoma?" akaniuliza. "Si watasema Kitale tunaoga matopeni!"

Bana, hilo neno liliniingia. Nikarudi na ndoo nyumbani, nikaiacha itulie. Nikamwaga maji ya juu polepole kupitia leso safi. Nikayaacha tena, nikachuja tena. Mwishowe nikatia dawa ya maji, ile tunayotia ya kunywa, kwa sababu mtu hawezi kujua, pengine mgeni mkubwa atataka kuonja. Nikajaza chupa. Ukiiweka dirishani unaona mti ulio nje. Nikasema, sasa hii ndiyo Kitale.

Chini ya ndoo kulikuwa kumebaki matope laini, mororo kama mafuta ya kujipaka. Hayo sikuyatupa. Mama yangu alinifundisha kwamba jiko la kupikia, lile la udongo, likikandikwa kwa matope ya mtoni yaliyochanganywa na samadi ya ng'ombe halipasuki upesi. Na mtu haendi kwa binti yake mikono mitupu. Nikayakusanya kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nikafunga kwa karatasi ya nailoni, nikaweka kikapuni chini ya maharagwe.

Nilifika Bungoma jua likiwa bado juu. Mjukuu wangu alikuwa amepanga chupa zake kwenye benchi la jikoni: moja ya hapo kwao, kahawia kama chai ya maziwa, na nyingine ya kule chini, nzito zaidi. Nikatoa yangu kwenye leso, nikaiweka katikati. Ikang'aa.

Mtoto hakusema asante. Aliinama, akaitazama, akafungua kifuniko, akanusa. "Kukhu. Haya ni ya wapi?"

"Ya mto wetu."

"Mto wenu unanuka hospitali?"

Nikamweleza kila kitu, leso, dawa, na mgeni mkubwa atakayeonja. Nilieleza kwa furaha. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyokuwa unaanguka. Akakaa chini kwenye gunia.

"Kukhu, mimi nilitaka kuwaonyesha udongo unatoka huko juu. Kwamba unalimwa Kitale, unashuka, unajaza mto huko Bunyala mpaka maji yanakosa mahali pa kupita, yanaingia kwa nyumba za watu. Hiyo ndiyo kazi nilitaka baba aone. Sasa nikisimamisha hii chupa yako na zangu, watu wataona Kitale ni safi na uchafu wote ni wa Bungoma. Baba atasema nimekuja kutukana shamba lake."

"Si useme tu yalikuwa machafu?"

"Kwa mdomo? Kwa mdomo ni hadithi, kukhu. Na alisema hataki hadithi."

Binti yangu aligeuza ugali bila kutuangalia. Kitale ni mbali, na maonyesho yalikuwa kesho. Hakukuwa na mtu wa kutuma. Mimi niliyefika nimebeba kifua mbele, nilikula nikiangalia sahani. Kilichoniuma si chupa. Nilikuwa nawaza vazi jeupe la unesi likimvaa mtoto ambaye hataki, na mimi ndiye niliyelifua na kulipiga pasi.

Asubuhi niliamka mapema kwa yule jirani nikaenda jikoni kwa binti yangu. Nikasema, kama nimeharibu moja, nitengeneze lingine. Nikachukua mkebe wangu, nikachanganya samadi kidogo kwenye karai, nikapiga magoti nikaanza kukandika jiko. Matope yalikaa vizuri, mekundu, yanateleza chini ya kiganja. Nilikuwa nimemaliza upande mmoja mjukuu alipoingia kutafuta chai, macho yamevimba.

Akasimama. "Kukhu, hiyo nyekundu umetoa wapi? Hapa udongo wetu si hivyo."

"Si ni ya mtoni. Ilibaki chini ya ndoo nilipochuja."

"Ndoo gani?"

"Ndoo gani tena! Ya maji yako."

"Usipake!" Alipiga kelele mpaka ng'ombe nje akashtuka. "Kukhu, usipake tena! Toa mkono!"

Nikatoa mkono. Nusu ya Kitale ilikuwa tayari kwenye jiko, lakini chini ya mkebe kulikuwa kumebaki ya kutosha, safi, bila samadi. Aliubeba ule mkebe kwa mikono miwili kama mtoto wa jana. Chai hakunywa.

Pale Mabanga walikuwa wamesimamisha hema kubwa, wakulima wamejaa, wanawake upande mmoja, wanaume wamejitandaza popote. Mkwe wangu alikaa nyuma kabisa kama alivyoahidi. Mimi nilikaa mbele kabisa, ili tusionane.

Mtoto alipanda jukwaani akiongea haraka haraka. Akaanza na mambo ambayo sikuyajua. Kwamba Nzoia inakusanya maji kutoka vilima vya Cherangani na kutoka mlima Elgon, mito midogo mingi inaingia mmoja baada ya mwingine. Kwamba ile sehemu yetu yote ya Trans-Nzoia imepewa jina na huu mto, na ndiko gunia la mahindi ya Kenya linakotoka. Kwamba mto unanywesha miwa na viwanda vya sukari, unaingia kwenye mabomba ya miji, unamwagilia mpunga kule Bunyala, ndipo unamwagika ziwani, Victoria. "Na ziwani hausimami," akasema. "Maji yanatoka upande wa pili yanakuwa Nile, yanaenda mpaka Misri."

Mimi nilikaa nikawaza zile shuka zangu. Kumbe nilikuwa nafua kando ya njia ya kwenda Misri, na hakuna mtu aliyeniambia.

Halafu akasimamisha chupa. Yangu iling'aa, na manung'uniko yakaanza mara moja. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya akasema, "Aa! Kwa hivyo sisi Bungoma ndio wachafu?"

"Ngoja, mzee," mtoto akasema. Sauti ilikuwa imetulia sasa. "Haya maji yalichujwa na nyanya yangu, kwa sababu hakutaka Kitale iaibike." Watu wakacheka. Akafungua mkebe. "Na hiki ndicho alichotoa ndani." Akachukua kijiko, akarudisha matope chupani, kijiko kwa kijiko, akafunga, akatikisa. Chupa ikawa nyekundu. Akaiinua juu, mkono umenyooka. "Hii ndiyo Kitale ya kweli. Huu si uchafu. Huu ni udongo wa juu, ule mzuri, wenye mbolea. Kitale wanaupoteza, Bungoma tunaongeza wetu, na Bunyala unawafurikisha. Mto ni mmoja. Sisi tumeugawa kwa majina tu."

"Basi Kitale mje mchukue udongo wenu!" mtu akapaza sauti.

Hapo nikashindwa. Nikasimama. "Nitauchukua na nini, leso?" nikasema. "Mwanangu, hiyo mbolea nilinyunyiza kwa mkono huu. Nilifikiri nakula mimi, kumbe nalisha mto. Unafikiri nafurahi? Mimi nimelima mpaka majini kwa sababu hata baba yangu alilima hivyo. Mwenye kujua njia nyingine aniambie, masikio ninayo."

Kutoka nyuma kabisa nikasikia sauti ya maneno machache. Hakuwa anaongea na mimi, asingeweza. Alikuwa anaongea na mtoto wake. "Mwalimu," akamwita hivyo, mwalimu, "sasa mkulima afanye nini?"

Mtoto akamjibu kama anavyojibiwa mtu mzima: uache kipande kando ya maji bila kukilima, upande nyasi za napia na mianzi, mizizi ishike udongo, ng'ombe apate chakula hapohapo. Mashamba yanayoteremka uyalime kwa kukata mteremko, usilime kuelekea mtoni. Na wa juu wakifanya na wa chini wasifanye, haisaidii.

"Na nani atawaambia wa juu?"

"Mtu aliyesomea hiyo kazi, baba."

Baba yake akasema, "Kwa hivyo hao Wamisri wanapanda kwa udongo wa mama mkwe wangu?"

Hema zima likalipuka. Nilijifunika uso kwa leso, maana mkwe kunitaja mbele za watu ni jambo jipya chini ya jua la Bungoma. Mtoto mwenyewe alikuwa anacheka hata akashindwa kushika chupa. "Hapana, baba. Udongo unabaki ziwani. Maji ndiyo yanaendelea."

"Afadhali," akasema. "Afadhali ubaki kwetu."

Kesho yake nilikuwa jikoni nafunga kikapu changu. Upande mmoja wa jiko ulikuwa mwekundu, umekauka vizuri. Mwingine ulikuwa na nyufa zake za zamani. Nikasikia hatua nje, zikasimama karibu na ng'ombe.

"Wewe ng'ombe," sauti ikasema. Nikaacha kufunga. "Mwambie mgeni kwamba Kibabii si mbali. Mtoto anaweza kwenda akarudi."

Nilitaka kutoka nipige vigelegele. Nilijishika kwenye mlango. "Ng'ombe," nikasema, "mwambie mwenye boma amesikika."

"Lakini mwambie pia," ng'ombe akaambiwa, "aache kulima mpaka majini. Mimi nitaacha upande wangu. Nisisikie yeye ameendelea."

"Mwambie alete mbegu ya napia. Ng'ombe asile yote."

Binti yangu alikuwa ameegemea ukuta anapangusa machozi kwa upande wa leso. "Huyu mnyama," akasema, "amebeba maneno mengi kuliko posta."

Sasa hivi mjukuu wangu yuko Kibabii. Likizo akija Kitale anatembea kando ya mto na viatu vya mvua, anapima, anaandika, anawasumbua majirani zangu na maswali mpaka wanampa chai anyamaze. Mimi sina tena mahindi yanayodondoshea umande majini. Kuna napia hapo, na mianzi inaanza kunipita urefu. Mwanzo ilinikera, niliona kama nimenyang'anywa ukanda wa shamba. Yule jirani wangu wa Nyeri alinicheka msimu mzima. Kisha mvua kubwa ikaja, ukingo wake ukabomoka, wangu ukasimama, na wiki hiyohiyo akaja na panga kuomba miche. Nilimpa. Nilimcheka kwanza, halafu nikampa.

Siwezi kudanganya kwamba mto sasa ni mweupe. Mto ni wa watu wengi, na wengi bado wanalima mpaka ndani. Lakini kwenye mfereji unaotoka shambani kwangu, mvua zilizopita, mtoto alinituma tena nichote, na safari hii sikuchuja. Niliacha ndoo itulie niangalie tu. Chini kulikuwa na utando mwembamba, unaweza kuufuta kwa kidole.

Juzi binti yangu alinipigia simu. Ati ule upande wa jiko nilioukandika bado unadumu, lakini ule mwingine umepasuka vibaya, nimpelekee mkebe mwingine wa matope ya mtoni.

Nimemwambia hakuna. Atafute udongo wa kwao. Wangu siku hizi unakaa nyumbani.